Mganga wa Moto Havuki Maji

Siku ya kwanza ya likizo kubwa, Mama Ramla aliniita nyumbani kwake Mikelenge, akaniambia bila utangulizi kwamba anataka kuvuka mto.

Mtu asiye wa Kindu ataliona hilo kuwa jambo dogo. Lualaba unaugawa mji wetu sehemu mbili, na kila asubuhi mitumbwi yenye injini huvusha walimu, mbuzi, magodoro na maharusi kwa utaratibu ambao, ingawa si mzuri, unajulikana na wote. Lakini Mama Ramla ni mganga wa waliounguzwa na moto, na kazi hiyo ina masharti yake. Mganga wa moto havuki maji akiwa na kidonda kilicho wazi. Na kidonda, kwa sheria aliyoachiwa na mama yake, hakifungwi na ngozi mpya. Kinafungwa na neno. Siku mgonjwa anaposimama mbele ya mganga na kusema "aksanti", kazi imekwisha kwa pande zote mbili: mganga yuko huru, na mgonjwa akiungua tena atafute pa kwenda.

Ni upande huo wa pili uliokuwa umeharibu mambo.

Mwaka 2002, vita vilipoufungia mji, treni haikuja, njia za msitu zilikuwa za wenye bunduki, na chumvi ilikuwa hadithi. Watu waliungua sana mwaka ule kwa sababu walipika kwa haraka na kwa kujificha, macho yakiwa mlangoni badala ya chunguni. Mama Ramla aliwatibu kwa jani moja: lile jani nene la majimaji ambalo ukilitupa chini huchipua watoto pembeni mwake bila kuombwa na mtu. Alilitwanga, akalikamua, akachanganya maji yake na mafuta ya mbegu za mchikichi, akapaka. Wote walipona. Hakuna hata mmoja aliyeshukuru.

"Miaka yote hii?" nilimuuliza.

"Miaka yote. Wakinikuta sokoni wananipa salamu, wananipa samaki, wananibebea kitunga mpaka mlangoni. Lile neno, hapana. Kila muntu anajiwekea akiba."

Baada ya vita alikataa wagonjwa wapya ili amalizane kwanza na wa zamani. Kukataa huko kuliwafanya wa zamani wazilinde nafasi zao kwa wivu zaidi, kama mtu aliyeketi kitini katika harusi yenye viti vichache.

Binti yake wa pekee, Hadidja, anaishi Punia, ng'ambo ya mto na ya msitu wote ule. Ana watoto watano, na bibi yao amewaona katika simu tu. "Nataka nikazeeke kwa mutoto wangu," alisema Mama Ramla, ambaye wakati huo alikuwa na miaka sabini na minane. "Njia ya Punia inapitika mpaka mvua za mwezi wa tisa. Wewe unajua kupanga watu, Mwalimu. Nipangie."

Nilifungua daftari, nikapiga mistari, tukaanza. Kwanza ilibidi tuamue mambo ya msingi. Waliokwisha kufa, alisema Mama Ramla, wamefungwa, maiti haungui. Waliohama wataweza kushukuru kwa simu, mradi mpigaji awe amesimama nchi kavu. Aliyeapa kwamba anashukuru moyoni hatahesabiwa, kwa kuwa moyo hauna sauti. Niliyaandika yote kwa mpangilio, kisha nikamsomea majina arobaini na mawili. Alikuwa akiyafuata kwa shanga za tasbihi yake, na nilipofika mwisho alibaki ameshika shanga moja.

"Kumekosekana mumoja." Alinyoosha kidevu kuelekea mkono wangu wa kushoto, ambao nimeuvalia mikono mirefu ya shati tangu vita.

"Mimi ni katibu, Mama. Katibu hutia sahihi mwisho."

"Mwisho ni sawa," alisema. "Lakini utatia."

Nilianza na Claudine, kwa sababu jirani huanza kwa jirani. Claudine hukaanga mikate ya mafuta kando ya barabara, na nilimkuta akigeuza awamu ya pili.

"Nimwambie aksanti?" aliniuliza, kijiko hewani. "Mwalimu, angalia hii sufuria. Kila asubuhi niko mbele yake. Leo nishukuru, kesho niungue, nitakwenda kwa nani? Kwako? Unipake chaki?"

"Ni neno moja tu, Mama Claudine. Mtoto wa darasa la kwanza analiweza."

"Basi umtafute huyo mutoto aliseme."

Assani, ambaye hubeba madumu ya mawese kwa baiskeli kutoka vijijini, alinipokea kwa heshima kubwa, akanipa kiti, akanipa ndizi, akanieleza kwa nusu saa wema wa Mama Ramla, hata nikatoa kalamu. Kisha alisimama. "Yote hayo unaweza kumufikishia," alisema, "isipokuwa lile neno." Mzee mmoja wa kanisa alinijibu kwamba yeye amekwisha kumshukuru Mungu, na Mungu anajua anwani ya Mama Ramla. Kwa siku kumi na mbili nilizunguka mitaa ya Kasuku na Mikelenge, nikavuka mto hadi Alunguli mara nne, nikaomba watu wazima waseme neno ambalo huwa tunawapiga watoto kwa kutolisema. Daftari lilirudi jeupe.

Ndipo Donatien alipoingia katika jambo hili. Donatien ni mfamasia, amesomea Kisangani, na farumasi yake iko upande wa stesheni. Aliniambia kwamba kosa langu ni la mbinu. Watu hawakatai kushukuru. Wanaogopa kubaki bila dawa. Wapewe dawa, neno litatoka lenyewe. Mama Ramla alimpa jani bila kinyongo, akamwonyesha hata linapoota. Donatien aliliponda, akaliloweka katika alkoli kwa siku saba, akachuja, akakausha ile alkoli juu ya jiko la makaa mpaka yakabaki maji mazito ya kijani, akayatia katika chupa thelathini. Alibandika karatasi: *Ekstre ya Jani. Kwa Vidonda vya Moto. Tikisa.*

Tuliwaita wote wa daftari waliokuwa mjini, uani kwa Mama Ramla. Donatien alizungumza vizuri. Alieleza kwamba chupa haizeeki haraka kama mganga, kwamba haina masharti ya mito, na kwamba mtu anaweza kuishukuru au asiishukuru, nayo haitajali.

"Na inaponyesha?" aliuliza Assani.

"Inapaswa kuponyesha."

"Inapaswa," alirudia Assani, akiwageukia wenzake. "Hata mvua inapaswa kunyesha juu ya shamba, si juu ya harusi. Tuonyeshe muntu aliyepona nayo. Mumoja tu. Hapo njo tutashukuru."

Wote walikubaliana, na niliandika azimio: atakapoungua mtu yeyote wa Kindu, atapakwa ekstre, akipona, wote watashukuru kwa zamu. Kwa mji wenye majiko mengi kama wetu, nilikadiria kusubiri siku mbili, labda tatu.

Hakuna aliyeungua.

Sijui nieleze vipi wiki zilizofuata. Kila mtu alijua kwamba atakayeungua ndiye atakayejaribiwa chupa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Claudine alifunga kijiko chake kwenye fimbo yenye urefu wa mita moja na nusu, akawa anageuza mikate kutoka upande wa pili wa barabara, baiskeli zikiinama kupita chini yake. Wanaume waliacha kuvuta sigara. Waliokuwa wakipika pombe ya mahindi walihamia chai, na chai yenyewe ilinywewa baridi. Mwendesha pikipiki aliyegusa bomba la moshi kwa shavu la mguu aliapa mbele ya mashahidi kwamba ameumwa na mdudu. Katika historia yote ya Kindu, kwa kadiri ninavyoweza kuithibitisha, hakujawahi kuwa na mwezi wa saba salama kama ule. Mama Ramla alikaa uani na mzigo wake umefungwa, akitazama mawingu.

"Mumewafundisha kuwa waangalifu," alituambia mimi na Donatien. "Miaka mingapi nimewaomba hivyo, wakati wa vita, na hawakusikia."

Assani alijitolea kumtoa mbuzi. Alisema mbuzi wake ni mzee, hana ndoto tena, na anaweza kuunguzwa kidogo ubavuni kwa ajili ya sayansi. Donatien alilifikiria kwa uzito na kuanza kutaja vipimo. Mama Ramla alilikataa neno hilo kabla halijafika mwisho. "Mbuzi akipona atasema nini? Meee? Hiyo si aksanti. Na hakuna muntu wa kumuunguza kiumbe mbele yangu."

Tarehe tatu ya mwezi wa nane, asubuhi, Donatien alikuwa akikausha alkoli kwa ajili ya chupa nyingine ambazo hakuna aliyezihitaji. Mvuke ulishuka, ukalikuta jiko, ukawaka. Moto ulimshika kuanzia vidole hadi karibu na kiwiko cha mkono wa kulia. Alipotoka mbio kwenye maabara yake alipita mbele ya rafu yenye chupa thelathini, zote zikimwonyesha jina la ugonjwa wake kwa herufi kubwa. Hakusimama. Alipita mlango, akapita mitaa mitatu, akaingia uani kwa Mama Ramla huku watu wakimfuata kutoka kila upande, akapiga magoti mbele yake na kuunyoosha ule mkono.

"Mama, nitibu!"

Claudine ndiye aliyeanza kucheka. "Munganga wa chupa anaikimbia chupa! Karibu kwenye foleni, kaka!"

Mama Ramla hakucheka. Mimi niliyekuwa karibu niliona alivyokuwa akihesabu. Akimgusa, atakuwa na mtu wa arobaini na nne, naye mwenye kidonda kibichi, na mwezi wa tisa ulikuwa mlangoni. Asipomgusa, ataacha mkono wa kijana uharibike mbele ya macho yake. Alimwagiza mtu alete ndoo ya maji safi, akamwambia Donatien autumbukize mkono na asiutoe. Kisha akaketi juu ya mikono yake mwenyewe, ndiyo, aliikalia kabisa, ili isimponyoke.

"Nani ana mbio?" aliuliza. "Akalete ile chupa."

"Mama, hapana," alisema Donatien. "Bado haijathibitishwa."

"Nani aliandika ile karatasi?"

"Mimi."

"Imeandikwa nini?"

"Tikisa."

"Basi utatikisa."

Ikawa hivyo. Kila asubuhi kwa siku kumi na tisa Donatien alikuja uani, akaketi juu ya kigoda, akajipaka ekstre yake kwa mkono wa kushoto, huku Mama Ramla akimwelekeza kwa mdomo tu, kwa umbali wa hatua nne ambazo nilizipima na kuzichora ardhini. "Taratibu. Toka pembeni uje katikati. Usiukaripie mukono, haukukosa kitu." Mimi nilipima kidonda kwa rula na kuandika sentimita. Watu walijaa ukutani kama kwenye mechi. Siku ya tano kidonda kilitoa majimaji, na Assani aliondoka akisema amejua tangu mwanzo. Siku ya tisa kilikauka, na Assani alirudi akisema amejua tangu mwanzo. Siku ya kumi na tisa Donatien alikunja ngumi, akaifungua, akazungusha kiganja mbele ya macho yetu. Ngozi ilikuwa mpya, ya waridi, nyembamba, lakini ngozi.

Mzozo mdogo ulizuka kuhusu nani ashukuriwe. Mama Ramla alisema yeye hakumgusa. Huyo ni mgonjwa wa chupa. Kwa hiyo Donatien alisimama, akaishika chupa kwa mikono miwili, akaiambia aksanti kwa sauti. Ilikuwa karibu tupu. Hakuna aliyecheka.

Azimio ni azimio. Jumamosi iliyofuata nilipanga viti uani kwa mstari, kila mmoja na namba yake, Donatien akaongeza chupa zilizopungua, na kila aliyekuja aliondoka na moja. Claudine alikuwa wa kwanza. Alisimama, akajifuta mikono kwenye kitenge, akavuta pumzi kama anayeruka ndani ya maji.

"Mama Ramla, aksanti."

Mama Ramla alifumba macho, akayafumbua. "Claudine. Ulipokuja kwangu mwaka ule ulisema umeungua na maji ya chai."

"Ndiyo, Mama."

"Yalikuwa maji ya supu. Kuku alikuwa wangu."

Claudine alijifuta mikono tena kwenye kitenge.

"Siku ishirini na moja nilikupaka dawa," aliendelea kwa upole, "na siku zote hizo mukono wako ulikuwa unanukia jogoo wangu. Wewe muntu bila haya! Mwizi! Ungeniletea hata shingo!"

Tulielewa hapo sharti ambalo hakuwa ametutajia: mganga wa moto haruhusiwi kumkasirikia mwenye kidonda kilicho wazi, kwa sababu hasira ni moto. Alikuwa amekaa zaidi ya miaka ishirini na watu arobaini na watatu asioweza kuwakasirikia. Sasa kila neno la shukrani lilikuwa likimfungulia mlango mmoja.

Nilidhani watu watatoroka. Walisogeza viti karibu.

Assani alishukuru kwa hotuba, mkono kifuani. Mama Ramla alimwacha amalize. "Ulibebwa na wake zako wawili juu ya mulango uliong'olewa," alisema, "ukilia mpaka askari wa kizuizi wakadhani ni ishara ya adui, wakakimbia. Nilikufunua nikakuta lengelenge moja. Kama harage. Nilimaliza dawa ya siku ile juu ya harage, Assani!" Assani alirudi kitini akiwa amejifunika uso, mabega yakimtetemeka kwa kicheko, na wake zake waliokuwa ukutani walikuwa wameshikana ili wasianguke.

Walikuja mmoja mmoja, Jumamosi, Jumapili baada ya ibada, na Jumatatu. Wengine walikuja bila zamu ili wasikie ya wenzao. Kalume, anayechimba madini Kalima, alishukuru kwa simu akiwa nchi kavu. Karipio lake lilikuwa refu hata laini ikakatika, naye akapiga tena, kwa kuwa hakuwa amesikia mwisho. Mama Ramla alizidi kupendeza. Mgongo ulinyooka. Jioni ya Jumatatu, shanga arobaini na mbili zilikuwa upande mmoja wa uzi.

Pikipiki ya Punia ilikuwa ikimsubiri ng'ambo asubuhi ya Jumanne. Mimi nilikuja alfajiri, nikiamini kwamba wengine watakuwa wamelala. Wote walikuwapo.

Nitaeleza mkono wangu. Mwaka ule wa njaa, askari walikuwa wakichana madaftari ya wanafunzi ili wasokotee tumbaku. Mimi nilikuwa na madaftari ya majina ya miaka kumi na moja, yote yamevunjika mgongo, na sikuweza kulala nikiyafikiria hivyo. Nilikuwa pia na makopo mawili ya unga wa muhogo. Nilikoroga gundi. Ilipochemka iliniruka na kuninata mkononi, na gundi ya muhogo haitoki. Inakaa na kuendelea kupika. Nilimwambia Mama Ramla kwamba ni ugali wa watoto wangu.

"Aksanti, Mama," nilisema. Nilikuwa nimejiandaa kusema zaidi.

"Ephraïm," alisema. Hakuna aliyeniita hivyo tangu mama yangu afariki. "Nilikutoa karatasi kwenye ngozi. Karatasi za mistari. Zilikuwa na majina."

"Ndiyo."

"Makopo mangapi?"

"Mawili."

"Na mutaa mzima ulikuwa unakula majani ya sombe bila chumvi."

"Ndiyo, Mama."

"Ulimaliza kuyabandika?"

"Nilimaliza. Kwa mkono mmoja."

"Na watoto waliokufa mwaka ule, majina yao uliyatoa?"

"Niliyaacha. Yamo kwa mpangilio wake."

Mama Ramla alisogea mpaka karibu, akaninyooshea kidole chini ya pua, na nilimwona akitafuta neno zito katika maneno yote aliyokuwa ameyaweka.

"Mupumbavu," alisema. "Mupumbavu wa kwanza wa Maniema yote. Makopo mawili! Watoto wako walikula nini?"

"Walikula kwako, Mama. Jioni zile ulizowaita."

"Najua walikula kwangu! Nakuuliza ili wewe ujue!"

Kisha alisukuma shanga ya mwisho, akaokota mzigo wake, na alipoona nimenyoosha mkono ili nimbebee aliupiga kofi. Tulimfuata hadi mtoni, wote wa daftari tuliokuwa mjini, pamoja na Donatien, nikijaribu bila mafanikio kuwaweka katika mistari miwili. Aliingia mtumbwini, akaketi katikati, akashika ukingo kwa mikono yote. Injini iliwaka.

Mwendesha mtumbwi alikuwa kijana ambaye hakuwa hata amezaliwa wakati wa vita, na ambaye Mama Ramla hakuwahi kumtibu kwa lolote. Hawakuwa wamefika theluthi ya mto Mama Ramla aliposimamisha kidole na kuanza kumkaripia: kuhusu mwendo, kuhusu maji yaliyokuwa miguuni, kuhusu jinsi alivyoketi. Tulimsikia vizuri, kwa kuwa upepo ulikuwa ukivuma upande wetu. Tulibaki ukingoni, kila mmoja na chupa yake, tukimsikiliza mpaka sauti ikafika ng'ambo pamoja naye, ikapanda ngazi za matope, ikaanza kumweleza mwenye pikipiki namna ya kufunga mzigo.